Koti Moja kwa Glasi Sita

Mwanza ni mji mgumu kwa glasi. Wageni wakija hupelekwa kuliona Jiwe la Bismarck, wakalipiga picha, wakalisifu lilivyosimama majini miaka yote bila kuporomoka, kisha wakaondoka zao. Tunaobaki na ukoo wa jiwe hilo ni sisi. Kufika kwangu, mlimani kule Mabatini, unapanda ngazi zilizochongwa kwenye mwamba, unapita kiubavu kati ya majabali mawili, na ukifika kibarazani unagundua kwamba kibaraza chenyewe ni jabali lililopakwa saruji kidogo kwa ajili ya heshima. Bomba limesimama juu ya mwamba. Kichanja cha vyombo kimesimama juu ya mwamba. Kuku wetu wanaparua mwamba asubuhi hadi jioni, kwa imani tu. Mahali pa namna hii, kitu cha kioo kikikuponyoka hakuna kubahatisha: hakuna nyasi, hakuna mchanga, hakuna udongo wa kukipokea.

Ndani ya nyumba tulikuwa na nafuu mpaka tulipoweka marumaru. Zamani sebuleni kulikuwa na kapeti, lile la kukunjua la maua, na glasi ikianguka ilidunda, ikabingirika hadi chini ya kochi, ikatolewa kwa mti wa ufagio ikiwa na vumbi tu. Fundi wa marumaru alipokuja alitupigia hesabu ya maboksi, ya saruji na ya ufundi wake. Glasi hakuziweka kwenye hesabu, na nadhani hesabu zote za marumaru katika nchi hii zina upungufu huo huo. Seti aliyopewa mke wangu kwenye kichenipati yake, jagi na glasi zenye mstari wa dhahabu mdomoni, ilivuka salama enzi zote za kapeti, ikamalizika kabla hatujamaliza deni la fundi. Lilibaki jagi, nalo limepoteza mkono.

Kwa ushahidi uliotolewa mbele yangu, hakuna binadamu aliyewahi kuvunja glasi nyumbani kwetu. Zote zilianguka zenyewe. Moja iliangushwa na upepo, moja iliangushwa na paka (hatuna paka), na nyingine, kwa maelezo ya mapacha wangu waliokuwa wamesimama pembeni yake mikono mgongoni, “ilikuwa tu imekaa, baba, halafu ikavunjika.”

Sikuwachapa, maana glasi ya kukaa halafu ikavunjika niliwahi kuiona. Bibi yangu alikuwa na glasi za Duralex, zile nene za Kifaransa zenye jina lao kitakoni. Kioo cha aina hiyo hupashwa moto hadi zaidi ya nyuzi 600, kisha hupulizwa hewa ya baridi ghafla. Nje kunaganda kabla ya ndani, na glasi inaishi maisha yake yote ikiwa imejikaza, ndiyo sababu unaweza kuiangusha kwa miaka na miaka ikakutazama tu. Lakini mkwaruzo ukizidi kina, mkazo wote unafumuka kwa mpigo mmoja. Ya bibi ilipasuka usiku wa manane ikiwa juu ya rafu, hakuna aliyeigusa, ikawa chembechembe. Bibi aliamsha nyumba nzima, tukasali rozari mpaka jogoo. Asubuhi alizitoa zilizobaki nje ya nyumba kwa koleo. Kiwanda chenyewe, karibu na Orléans, nusura nacho kivunjike mwaka 2024, ila wafanyakazi wakakidaka: mahakama iliwakabidhi wakiendeshe kwa ushirika.

Basi mimi ndiye niliyetoa hoja ya plastiki. Niliitoa mezani baada ya chakula, kwa utaratibu. Nilisema plastiki haivunjiki, ni nyepesi kupandisha mlimani, haimkati mtoto, na ukiitunza inadumu. Nilisema hata wazee wetu hawakunywea kioo. Walinywea kibuyu, kibuyu kikianguka kinatoa mlio tu, na ukitaka kukiona leo nenda makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, Kisesa, ukione kimetulia, hakuna aliyewahi kukifagia sakafuni. Mke wangu alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, “Sawa.” Sawa ya mke wangu haitolewi mpaka mpango wake uwe umeshakamilika.

Nilidhani tungeshuka Makoroboi siku ya Jumamosi, tupite katikati ya machinga, tuchague, tubishane bei, turudi na mfuko. Niliweka hadi hela pembeni. Hela haikuhitajika.

Msomaji anawajua kina dada wale wanaopita mitaani na beseni kichwani, ndani ya beseni mna sahani, mabakuli, vikombe na vichujio, na begani mna furushi la nguo. Wanatangaza kwa sauti ya kuvutwa: nguo kwa vyombo, leta nguo kuukuu upate vyombo. Hela hawaichangamkii. Wanachotaka ni shati, suruali, gauni, shuka, na wana jicho la kupima kitambaa kutoka ng'ambo ya ua. Mauzo yao hufanyika saa za asubuhi, wanaume wakiwa kazini. Sidhani kama ni bahati mbaya.

Yaliyotokea langoni kwetu nimeyakusanya kwa kumhoji dada wa kazi, ambaye ni shahidi mzuri kwa sababu anapenda kuigiza sauti. Mke wangu alianza na gauni lililofifia. Dada wa vyombo akaligeuza, akalitazama kwapani, akasema, “Hili nakupa kichujio, dada yangu.” Mke wangu akaongeza shuka. Kichujio kikawa kichujio na bakuli. Wakati huo glasi za plastiki zilikuwa zimepangwa kwenye mwamba, sita, angavu, kila moja na picha ya ua jekundu ubavuni, jua la saa nne linapita ndani yake. “Hizi je?” “Hizo mpaka nguo ya mwanaume.” Mke wangu akaingia ndani. Akatoka na koti langu.

“Limechoka hili,” alisema yule dada.

“Limechokea wapi? Ameshalivaa harusini tu.”

“Na mfuko umeshonwa.”

“Mfuko hauonekani akishasimama.”

Hivyo ndivyo nilivyouzwa. Nami sikujua lolote mpaka asubuhi ya harusi ya mtoto wa jirani, nimeshavaa shati na tai, nimesimama mbele ya kabati. Niliuliza koti, nikaonyeshwa glasi. Mke wangu alinieleza kwa upole kwamba nilitaka plastiki mwenyewe, na kwamba amefanya biashara bila kutoa hata shilingi mia ndani ya nyumba. Nilikwenda harusini na sweta. Koti nimekutana nalo baadaye ndani ya daladala ya kwenda Igoma, limevaliwa na konda. Nililitambua kwa mshono wa mfukoni, maana mke wangu alikuwa amekosea: mfuko ulionekana, tena vizuri, kwa kuwa ndimo konda alimotumbukiza nauli yangu. Akaniambia, “Sogea nyuma, baba, usizibe mlango.” Nikasogea.

Sasa nirudi kwenye sifa za plastiki, maana niliahidi kwamba haivunjiki na ahadi hiyo ilitimia kabisa. Tatizo ni kwamba glasi ya kioo ikianguka, habari inaishia pale pale. Unafagia, unasema pole, maisha yanaendelea. Ya plastiki ikianguka ndipo inapoanza safari. Mchana jua likishapasha nchi kavu, upepo wa ziwa unaanza kuingia, unapanda mlima, unafika kwenye kichanja chetu na kupekua. Sufuria hauziwezi. Sahani zinaushinda nguvu. Glasi zetu za ua ulizipata kirahisi. Moja ilikuwa inainuka, inajigonga kwenye mwamba, kwa!, inaruka ngazi ya kwanza, kwa!, ngazi ya pili, mapacha wako nyuma yake wanapiga kelele, inakata kona kwenye jabali, inapotea, halafu kimya kidogo, halafu sauti ndefu ya bati. Hapo tunajua imetua kwa mzee wa chini.

Mzee wa chini ni mstaafu wa reli, na paa lake liko usawa wa ngazi zetu. Hakuzileta glasi hata siku moja. Alikuwa anaziokota, anazisuuza, anazipanga juu ya ukuta wake kwa mstari ulionyooka, na kungoja. Ilinibidi nishuke mwenyewe.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Umefuata watoto wako?”

“Nimewafuata, mzee.”

“Kaa kwanza.”

Kukaa kwanza kwa mzee yule kulikuwa na maana ya kusikiliza habari za treni ya kati, kituo kwa kituo, kutoka Mwanza South hadi Tabora, na mara nyingi giza lilitukuta kabla hatujafika Shinyanga. Wakati huo anakunywa maji kwa glasi yangu mojawapo. Nyingine alikuwa amepandia kitunguu maji.

Hao ndio walioangukia mikononi mwa watu. Msimu wa mvua mambo yalikuwa mengine, kwa sababu maji ya mlima wetu yote huingia mtaroni, mtaro huingia Mto Mirongo, na Mirongo hukatiza mjini ukaishia ziwani. Glasi moja iliondoka na mvua ya jioni. Mapacha waliikimbiza mpaka kwenye mtaro, wakaiona ikielea wima, ua likiwa juu, ikizunguka pole pole, kisha ikaingia kwenye kalavati kwa adabu zote na haikuonekana tena. Waliilia. Nami nilikosa raha, lakini kwa sababu nyingine: nakumbuka zile habari za samaki. Watafiti walinunua sangara na sato hapa hapa Mwanza, wakawapasua matumbo, na katika kila aina wakathibitisha plastiki kwa samaki mmoja kati ya watano. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2016 katika Journal of Great Lakes Research, nao ndio uliokuwa ushahidi wa kwanza wa jambo hilo kwenye Maziwa Makuu ya Afrika. Miongoni mwa walivyovikuta kulikuwa na plastiki ya aina ya mifuko, na kulikuwa na poliesta ya nguo. Mifuko serikali iliipiga marufuku bara tangu tarehe 1 Juni 2019, na tukaizoea ile ya kitambaa. Lakini poliesta nilipoisoma niliweka sato wangu chini. Koti langu lilikuwa poliesta tupu. Liliandikwa hivyo kwenye lebo ya shingoni. Kwa maana hiyo nilibadilishana plastiki kwa plastiki, sehemu ya kwanza ikaishia Igoma, ya pili ziwani, na zote mbili zina njia ya kunirudia kwenye sinia.

Zilizobaki nyumbani nazo zilianza kuonyesha tabia. Ya kwanza ni kutunza harufu. Kioo ukikiosha kinasahau. Plastiki hunyonya mafuta na kilichomo ndani ya mafuta, na sabuni haifiki huko. Dada wa kazi, kwa kuwa glasi hizi hazivunjiki, alizifanya kipimo cha kila kitu: unga, maharage, mafuta ya kupikia, na hatimaye dagaa wa Mwaloni, Kirumba, wale wakavu wanaobaki na wewe hadi ofisini. Glasi iliyopima dagaa ilioshwa kwa sabuni, kwa limau, kwa majivu, ikaanikwa juani. Ilikuwa safi machoni. Ukiipeleka mdomoni, kabla ya maji kukufikia, unafikiwa na Kirumba.

Ya pili ni ukungu. Mapacha walipewa zamu ya vyombo na wakagundua stilwaya. Wakazisugua glasi kwa bidii ambayo sijawahi kuiona kwenye daftari zao. Zile angavu zilizosimamishwa kwenye mwamba na kumponza mtu koti lake zikafifia, ua likabaki nusu, kisha likabaki jani moja, na mwishowe ilikubidi uiinamishe kidogo kabla ya kunywa ili kujua kama mna kitu ndani. Ukiitazama kwa karibu unaona mikwaruzo midogo imezunguka duara zima, na kwenye kila mkwaruzo kamstari ka chai. Mdomoni kuna ule mshono wa kiwandani, ambao siku ya kwanza ulimi hauuhisi. Baada ya hapo haukuachii.

Ya tatu ilimpata shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, kijana anayeamini nguvu. Glasi mbili zilipangwa moja ndani ya nyingine zikiwa bado mbichi, zikashikana. Shemeji alivuta. Akaziweka katikati ya magoti akavuta. Akaomba kisu nikamnyima. Nikamwambia, tulia shemeji, hili ni jambo la fizikia: unatia maji ya baridi kwenye ile ya ndani ili isinyae, unaiweka ya nje ndani ya maji ya moto ili itanuke, zinaachana zenyewe. Hilo ni kweli kabisa, na maji yanatakiwa yawe ya vuguvugu la kuvumilika mkononi. Shemeji alichukua chupa ya chai.

Maji yetu hapa huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100, kwa vile ziwa lenyewe liko mita 1,134 juu ya bahari. Wenye haraka ya kupika maharage wanalijua hilo. Nilidhani nyuzi nne zile zingetuokoa. Plastiki yenye adabu huwa na pembetatu kitakoni na namba ndani yake: namba 5, polipropilini, unaweza kuitilia chai ukalala usingizi, namba 6, polistairini, ndiyo ile ngumu, angavu, inayojifanya kioo, nayo huanza kulegea inapokaribia nyuzi 100. Zetu hazikuwa na namba. Zilikuwa na ua. Ziliachana, nisiseme uongo, lakini ya nje ilitanuka na haikurudi, na ilipopoa ilibaki imeegemea upande wa Capri Point. Tuliiita Babu, tukaiacha iendelee na kazi. Ukiijaza zaidi ya nusu inamwaga yenyewe.

Sasa mtu atauliza kwa nini hatukuzitupa. Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Kioo hufa, mtu ukanunua kingine. Plastiki inazeeka mikononi mwako, kila siku mbaya kidogo kuliko jana, na hakuna siku hata moja ambayo imeharibika vya kutosha kuitupa. Ina ukungu lakini haivuji. Ina harufu lakini ni ya dagaa, na dagaa ni chakula. Imepinda lakini inasimama. Mwanaume aliyetoa koti hawezi kuitupa glasi inayosimama.

Ndipo ikaja kipaimara cha mapacha. Niliwaendea wakodishaji wa vyombo, wakanipa bei ya glasi za kioo, kisha bei ya kila itakayovunjika. Nikauwazia mwamba. Nikawazia watoto wa ukoo mzima. Nikasema tutatumia plastiki, nikaongeza za kuazima kwa majirani, rangi zote zilizopo duniani. Mzee wa chini alirudisha zake mbili kwa mkopo.

Mama mkwe alikuja kutoka Ukerewe kwa meli ya Nansio, na kiroba cha machungwa ya kwao, ambayo ni matamu kweli na nasema hivi bila kumwogopa. Akataka yakamuliwe hapo hapo, wageni wanywe juisi ya Ukerewe. Yakakamuliwa. Kwa heshima yake glasi aliyopewa ilichaguliwa na dada wa kazi, ambaye alichagua iliyobaki na ua kubwa zaidi. Ilikuwa na ua kwa sababu haikusuguliwa sana. Haikusuguliwa sana kwa sababu ilikuwa kopo la dagaa.

Mama mkwe alipiga funda moja. Akanyamaza. Akaitazama glasi, akaigeuza kuelekea mwanga, akaona kwamba mwanga haupiti. Akatazama meza: nyekundu, kijani, bluu, na Babu akiwa ameegemea jagi lisilo na mkono.

“Baba,” akaniambia taratibu, “kazini kwako mambo yakoje?”

“Mazuri tu, mama.”

“Mshahara unatoka?”

“Unatoka, mama.”

Akanitazama nilivyovaa. Sweta. Akasema, “Mungu atasaidia,” akaweka glasi chini.

Huenda mambo yangeishia hapo kama si MC. Shemeji ndiye aliyekuwa MC, na MC hawezi kumaliza shughuli bila watu kugonga glasi. Akatusimamisha wote. Akasema mkono wa kulia juu, mtafute jirani yako, mtazame usoni, na sasa kwa furaha ya watoto wetu, tu-gonge! Tukagonga. Ukasikika mlio mdogo, mkavu, wa watu wengi kuvunja vijiti kwa wakati mmoja, kisha kimya. MC akadhani hatujashiriki. “Sijasikia! Mwanza mmelala? Tena!” Tukagonga tena kwa nguvu, juisi ikaruka, na ule mlio ukatoka vile vile. Mjomba wa mke wangu, mtu mzito, aligonga mpaka ya kwake ikabonyea. Ndipo kijana wa muziki, ambaye Mungu amlipe, alipotafuta kwenye kompyuta yake akaachia mlio wa glasi za kioo zikigongana kwenye spika mbili kubwa: kling, kling, kling. Wageni wakapiga vigelegele. Nilipogeuka, mama mkwe alikuwa anafuta macho kwa ncha ya kanga. Nikajiambia ni furaha ya wajukuu.

Hakuwa na furaha. Alirudi Ukerewe akaitisha watu. Nilianza kupata simu za ajabu. Ndugu wa mbali wa mke wangu alinitumia M-Pesa yenye ujumbe wa maneno mawili: “Poleni. Mtavuka.” Nilitaka kuirudisha, mke wangu alisema ada ya shule haiulizi ilikotoka. Mwingine aliuliza kama ni kweli tumeuza hadi nguo. Hapo nilikosa la kujibu, maana kwa hesabu kali ni kweli.

Kisha wakaja wenyewe, bila taarifa, siku ya Jumapili. Mama mkwe mbele, nyuma yake mjomba na boksi kichwani, nyuma ya mjomba baba mdogo wa Sengerema na boksi la pili, alilolipakata tangu kwao. Alikuwa ana sifa nyingi za Daraja la Kigongo–Busisi, lile la kilomita 3 lililofunguliwa Juni 2025: enzi za kivuko, alisema, boksi hilo lingekabidhiwa mikono ya watu wengi mno. Walipanda ngazi zetu zote za mwamba, wakapita kiubavu kati ya majabali, boksi la mjomba likipitishwa juu kwa juu, na hakuna kilichovunjika. Hilo lenyewe nililichukua kwamba ni muujiza.

Tukasalimiana, tukakaa. Mjomba akakohoa. Akasema hawakuja kwa ubaya. Wamesikia hali yetu, na mtu hakosi kupitia kipindi, na kwamba mkwe ni mtoto. Wamechanga kidogo walichojaliwa. Akafungua boksi: glasi za kioo, zenye mstari wa dhahabu mdomoni. Akafungua la Sengerema: glasi za kioo, zenye mstari wa dhahabu mdomoni. Mke wangu akapiga magoti kushukuru huku akiniangalia, na jicho lile lilikuwa linaniambia nikitamka neno plastiki mbele ya wazee nitalala kwa mzee wa reli. Nami ningewaelezaje? Watu wamechanga, wamepanda meli, wamevuka daraja, uwaambie hukuwa na shida, ulikuwa na hoja? Nikainamisha kichwa nikapokea umaskini wangu.

Soda zikaletwa, zikamiminwa kwenye glasi mpya. Zilikuwa nzuri, lazima nikiri; ubaridi wa kioo midomoni nilikuwa nimeusahau, na povu unaliona linavyopanda. Mjomba akanyanyua ya kwake. Akasema siku ya kipaimara tuligonga hatukusikia kitu, bali tuliwekewa kanda, na yeye lile jambo lilimkaa moyoni. Leo tutagonga tusikie wenyewe. Akasimama, akamkabili baba mdogo wa Sengerema, na kwa kuwa mkono wake ulikuwa bado na mazoea ya plastiki, akagonga.

Tulisikia. Vipande vilitawanyika kwenye marumaru hadi mlangoni, na kila mtu, wazee kwa watoto, akafanya kile ambacho mwili wenyewe hukifanya bila kutumwa: akapandisha miguu. Mapacha wakarukia kochi. Baba mdogo akapanda kiti, akafuatiwa na mjomba. Mke wangu akawa anaamrisha kutoka juu ya stuli, asishuke mtu, asiokote mtu kwa mkono, mleteni dada na ufagio. Dada wa kazi akaingia na kandambili akafagia chini ya viti vyetu kwa mwendo wa mtu mwenye siku nzima.

Mama mkwe, miguu ikiwa juu ya meza ndogo, alitazama maboksi mawili yaliyofunguliwa, akatazama sakafu. “Hizo zirudisheni ndani ya karatasi zake, zikae kabatini,” akasema. “Mimi nileteeni maji kwa ile ya ua. Isiwe ya dagaa.”

Mjomba, juu ya kiti, hakuwa amemsikia. Alikuwa anamuuliza baba mdogo kama iliyovunjika ilitoka kwenye boksi la Ukerewe au lile la Sengerema.